Mke wa Singano

Kilichomkera Bi Mkunde Shekimweri kuliko vyote ni ile adabu. Laiti mashine ingemfokea, angeijibu, maana ulimi anao. Lakini Shahidi, mashine ya kutoa ruhusa pale hospitali, hakuwa na tabia ya kufoka. Sauti yake ilitoka ukutani, laini, ya mtu aliyeshiba na asiye na haraka, ikarudia kile ilichokwisha kusema:

"Samahani sana, mama. Ruhusa ya kupandikiza haiwezi kutolewa. Mlezi halali wa mtoto hajafika."

"Hajafika?" Bi Mkunde alijipiga kifuani. "Na mimi niliyesimama hapa tangu asubuhi ni nani? Mwanasesere?"

"Wewe ni mke wa mtoto, mama."

Muuguzi aliyekuwa akipanga mirija aligeukia upande wa pili akajikohoza, na wala hakikuwa kikohozi. Daktari Atupele alimtupia jicho kali, lakini midomo yake mwenyewe ilikuwa inacheza. Nyuma ya kioo, kitandani, Singano wa miaka saba alikuwa amelala mdomo wazi, kichwani hana unywele hata mmoja, hajui kwamba ameoa.

"Cheka, mwanangu," Bi Mkunde alimwambia muuguzi. "Cheka mpaka ukae chini. Ukimaliza uniambie nani anaifungua hiyo koki."

Koki yenyewe ilikuwa ndogo, imekaa chini ya chombo cha kioo kilichosimama kichwani mwa kitanda. Chombo hicho wenyewe pale hospitali walikiita kitalu. Humo ndimo zilimowekwa seli shina zilizochotwa kwenye nyonga ya Bi Mkunde, na kitalu kikazirudisha nyuma umri, taratibu, mpaka zikasahau kwamba ziliwahi kuwa za mwanamke anayeumwa magoti kila mvua ikitaka kunyesha. Sasa zilikuwa changa kuliko Singano mwenyewe. Zilielea kwenye maji yenye rangi ya juisi ya mapera, zikisubiri kushushwa kwenye mshipa wa mtoto, zikajenge damu mpya isiyo na saratani.

"Zimeiva leo," Daktari Atupele alikuwa amemwambia asubuhi ile, kabla ya balaa kuanza. "Lakini hazisubiri, Bibi. Jua likizama zitaanza kujichagulia kazi. Hizi zitataka kuwa ngozi, zile zitataka kuwa mfupa, na hapo hazitengenezi damu tena."

"Si mnaotesha nyingine?"

"Mwezi mzima. Na Singano hana mwezi. Uboho wake wote tumeshauteketeza kwa dawa ili ugonjwa usipate pa kujificha. Ni kama shamba lililokwisha kufyekwa na kuchomwa moto, halina hata jani. Mafua tu ya mtu apitaye mlangoni yanaweza kumwondoa."

Kwa hiyo Bi Mkunde alijua. Hakuna aliyehitaji kumwambia mara mbili. Mbegu zipo, shamba lipo, mkulima yupo, na lango limefungwa na mashine inayosema samahani.

Jambo lenyewe lilianza siku ya kwanza walipofika. Sasa wewe fikiria: mtoto anachemka homa, macho yamemtoka kwa kuona sindano, midomo inamtetemeka. Na sauti ikauliza kutoka ukutani, "Mama, wewe ni nani kwa mtoto huyu?" Kwao Bi Mkunde, bibi na mjukuu wa kiume ni mke na mume tangu siku mtoto anapotolewa nje. Ndivyo wanavyoitana, ndivyo wanavyogombana, na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kuuliza maana yake. Basi akasema, apate kumchekesha, "Mimi? Mimi ndiye mke wake mkubwa. Kaniona nimezeeka, sasa anatafuta mwingine."

"Mahari ilitolewa?" Shahidi aliuliza.

Bi Mkunde alishangaa. Loo, kumbe hata mashine za siku hizi zinajua utani! "Ilitolewa," alijibu. "Andazi moja, na alishaling'ata."

Singano akacheka na homa yake. "Na mke wangu huyu kupika hajui," akaongeza, akitazama juu kwenye sauti. "Ugali wake una madonge."

Sindano ikaingia wakati anacheka, hata hakuisikia. Bi Mkunde alijisifu kwa ujanja ule wiki nzima.

Kumbe Shahidi hakuwa anatania. Shahidi alifundishwa Kiswahili cha mahakamani na cha ofisi za ardhi, na huko mke ni mke. Na ipo sheria, inaitwa Sheria ya Neno la Kwanza: lile mtu analolisema anapofika mlangoni, kabla hajatishwa na mtu wala kufundishwa la kusema, ndilo kweli. Mengine yote yajayo baadaye yana shaka. Nayo hukaguliwa pale tu seli zinapotaka kuingia mwilini mwa mtoto, si kwa dawa wala sindano. Sheria haikuja bure. Miaka ya nyuma, seli za watoto zilipopata soko, walizuka wajomba wa bandia na mashangazi wa bandia, wakiwatoa watoto wodini kwa maneno matamu, na mama wa kweli walitishwa mpaka wakakana watoto wao. Sheria ilipopita, Bi Mkunde alikuwa mmoja wa waliopiga vigelegele sokoni. Hilo nalo lilimuuma sasa.

* * *

Afisa Rweyongeza, msimamizi wa Shahidi kwa mkoa mzima, alifika kabla ya adhuhuri. Alikuwa mtu mnene, mpole, na aliposimuliwa kisa alianza kutikisika mabega.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kufungua au na wewe umekuja kucheka?"

"Unisamehe, Bibi. Na marehemu bibi yangu kule Muleba alikuwa ananiita mume wake. Siku nilipooa alikuja ukumbini akalia kweli, eti nimemletea mwenzake." Alijifuta macho. "Hili ni jambo dogo. Tutalinyoosha sasa hivi."

Moyo wa Bi Mkunde ulitulia kidogo. Alivuta kiti akakaa kwa mara ya kwanza siku ile.

"Shahidi," Afisa alisema, "bibi huyu alikuwa anatania. Futa neno lake la kwanza."

"Neno la kwanza halifutwi na aliyelitoa, wala na afisa. Hufutwa na Baraza linalosikiliza mashauri haya."

"Baraza linakaa lini?"

"Mwezi ujao."

"Basi tazama kumbukumbu za uzazi," alisema Daktari Atupele, ambaye hamu ya kucheka ilikuwa imemwisha. "Singano ni yatima, mtoto wa marehemu Zaina. Zaina ni binti wa Mkunde Shekimweri. Damu zao umezipima mwenyewe, seli zilizomo kitaluni ni za mama huyu. Huoni kwamba ni bibi yake?"

 Watu wote waliangalia ukuta, ingawa ukutani hapakuwa na cha kuangalia.

"Nimeona. Undugu wa damu umethibitika. Undugu wa damu haufuti ndoa, daktari. Unaongeza kosa."

"Astaghafirullah!" Bi Mkunde aliruka kitini. "Kosa gani? Unanitukana mimi? Mimi nimemwosha huyu mtoto kitovu hakijakauka!"

"Mama, naomba utulie."

"Sitaki kutulia! Basi nampa talaka! Umesikia? Kama ni mume wangu, nimemwacha, leo, mbele ya watu wote hawa. Haya, fungua!"

"Talaka hutolewa na mume," Shahidi alisema. "Mume huyu hajafikia umri wa kutoa talaka."

"Hajafikia umri wa talaka lakini wa kuoa amefikia!"

"Hapana, mama. Hilo ndilo kosa lenyewe."

Afisa Rweyongeza hakucheka tena. Alijaribu hili, akajaribu lile, akamwita Shahidi kwa vyeo vyake vyote, akasoma vifungu kwa kichwa. Kila mlango alioubisha ulifunguliwa na ile sauti moja, ikimwambia kwa upole kwamba amebisha mahali pasipo pake. Bi Mkunde alimtazama akitoka jasho na akahisi kichwa kinamwanga. Wote waliokuwa mle ndani walijua kweli. Muuguzi alijua, daktari alijua, afisa alijua, na huenda mfagizi aliyepita koridoni alikuwa amekwisha kujua. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mbaya wake. Angepata mtu mbaya angemkaba.

"Tuivunje koki," alisema ghafla. "Nipeni nyundo tu, mimi nitaivunja."

"Ikivunjwa, kitalu kinazichemsha seli zote papo hapo," Daktari Atupele alijibu taratibu. "Kilitengenezwa hivyo kwa ajili ya wezi."

* * *

Akiwa na hasira zile zile ndipo alipofanya kosa lake la pili, na hili hakuna wa kulaumiwa isipokuwa yeye.

Aliwaza hivi: mtoto naye alisema lake siku ile. Basi mtoto naye akisema kweli, si kutakuwa na neno la kupima na neno? Hakumwuliza mtu. Alivaa joho la kijani na barakoa, akanawa mpaka viwiko, akaingia chumba cha kioo.

Singano alifumbua macho. Kinywa chake kilikuwa na vidonda kwa sababu ya dawa, akawa anasema kwa shida, lakini alimtazama bibi yake juu mpaka chini.

"Mke wangu," alisema, "leo hujapaka wanja."

"Usiniite hivyo!"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Mtoto alishtuka mpaka mrija wa mkononi ukatikisika. Hajawahi kufokewa kwa neno lile. Kwa kumwaga maziwa, ndiyo, kwa kukimbia na kijiti mdomoni, ndiyo. Kwa lile, kamwe.

"Mimi ni bibi yako," Bi Mkunde alisema, akimnyooshea kidole. "Bibi! Mama yake mama yako. Umesikia? Ukiulizwa na mtu yeyote, sema bibi. Sitaki ule upuuzi tena. Rudia."

"Bibi," Singano alinong'ona.

"Shahidi!" Bi Mkunde alimwita yule wa ukutani. "Muulize mtoto. Muulize sasa hivi."

Shahidi akauliza. Singano alimwangalia bibi yake, akaangalia kidole kilichokuwa bado kimenyooka, akasema kwa sauti inayopotea, "Ni bibi yangu." Kisha akaanza kulia, na kwa vile vidonda vya kinywani, kulia kwenyewe kulimuumiza, akawa analia kwa sababu analia.

"Neno la pili la mtoto linapingana na la kwanza," sauti ilisema. "Mapigo ya moyo ya mtoto yamepanda. Mtoto anaonekana kutishwa. Nalazimika kutoa onyo: likitokea neno jingine linalopingana, shauri hili litafungwa mpaka Baraza likae."

Nje ya kioo, Afisa Rweyongeza alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Walimtoa Bi Mkunde chumbani, akakaa kwenye benchi la koridoni na barakoa yake imening'inia sikio moja. Jua lilikuwa limeshavuka katikati ya madirisha ya upande wa magharibi. Alitaka kulia, lakini machozi hayakuja, zilikuja hasira tu, na hasira zenyewe hazikuwa na pa kwenda.

Afisa alikaa kando yake. Alizungusha pete kidoleni.

"Kuna njia moja," alisema hatimaye. "Bibi, naona haya hata kuitaja."

"Itaje."

"Ukiri."

"Nikiri nini?"

"Kwamba ni kweli. Kwamba ulifunga ndoa na mtoto. Neno la kwanza linataka kufutwa na Baraza, lakini kukiri hakuhitaji Baraza. Ukikiri, papo hapo Singano anakuwa mtoto wa serikali, na serikali ilishatoa ruhusa ya matibabu kwa watoto wake wote. Koki inafunguka."

Bi Mkunde alimgeukia polepole. "Na mimi?"

"Hufungwi. Kwa umri wako hawakufungi." Afisa aliacha kuizungusha pete. "Lakini hutamwona tena. Hutaongea naye wala kumkaribia mpaka awe mtu mzima. Na kukiri hakukatiwi rufaa. Hata Baraza likicheka mwezi ujao kama tulivyocheka sisi, halitaweza kukurudishia. Jina lako litatangazwa kwenu."

"Sokoni."

"Sokoni, na msikitini, na shuleni kwake."

"Sasa atakaa na nani? Huyu hanywi uji wa moto, anataka uliopoa mpaka ushike utando. Akilala anashika sikio la mtu. Nani atampa sikio?"

 Daktari Atupele alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Bi Mkunde alimwinulia uso.

"Wewe msomi, nishauri. Nifanye nini?"

"Siwezi kukushauri useme uongo, Bibi. Wala siwezi kukushauri useme kweli." Daktari alifunga macho kidogo. "Tangu asubuhi natafuta njia ya tatu. Sijaiona. Naichukia kazi hii leo."

"Nikikataa?"

"Nitakaa naye. Nitampa dawa asiumie. Mwezi hatafika."

Bi Mkunde alisonya. Alimsonya Shahidi, akaisonya sheria, akajisonya mwenyewe na vigelegele vyake vya sokoni. Maisha yake yote hakuwahi kula kiapo cha uongo, hata kwenye kesi ya mpaka wa shamba, ambapo uongo mdogo tu ungempa mikarafuu ya jirani. Na sasa aape kwamba yeye ni mwanamke mchafu, aliyejioza kwa mtoto. Watu wanaomjua watacheka, naam. Lakini kwao Korogwe si wote wanaomjua. Wengine watasikia tangazo tu, na watawaita watoto wao ndani akipita.

Hilo angeliweza. Alilipima moyoni, akaona analiweza. Lililomshinda ni lile sikio.

"Ngoja," Afisa alisema, akiwa bado anaangalia sakafu. "Sijamaliza. Kukiri kunataka maneno mawili, lako na la mtoto. Ataulizwa tena. Akisema bibi, onyo litatimia, shauri linafungwa. Na la kukiri hupimwa, si kama neno la kwanza: akicheka, Shahidi atasema anatania, shauri linafungwa. Lazima aseme lile lile la siku ya kwanza, na aseme kama mtu anayesema kweli."

"Nimetoka kumfokea sasa hivi asiliseme."

"Ndiyo, Bibi. Ndiyo maana nilishika kichwa. Mwandae kabla hujamwita Shahidi; asipoitwa hasikilizi."

* * *

Safari hii hakuingia kwa kishindo. Alinawa, akavaa, akavuta kigoda karibu na kitanda. Singano alikuwa ameugeuzia uso ukuta.

Bi Mkunde alichovya pamba kwenye maji akamlowanisha midomo. Mtoto aliiacha midomo yake ilowane, lakini hakugeuka.

"Umeninunia?"

"Wewe ndiye umeninunia."

"Si wewe. Nilikuwa na hasira na mtu mwingine, nikakutapikia wewe. Nimekosa. Unisamehe, bwanaangu."

Singano aligeuka kidogo, jicho moja. "Mtu gani?"

"Huyo anayeongea ukutani."

Mtoto alilipima jambo hilo. Inaonekana hata yeye alikuwa na maoni yake kuhusu mtu wa ukutani. Mkono wake ulitoka chini ya shuka, ukapanda, ukalipata sikio la bibi yake juu ya kamba ya barakoa, ukalishika.

"Sikiliza," Bi Mkunde alisema. Aliongea taratibu, kama anayevuka mto penye mawe yanayoteleza. "Atakuuliza tena mimi ni nani kwako. Nataka useme lile letu."

"La mke?"

"La mke. Lakini leo usicheke."

"Kwa nini?"

"Ukicheka hafungui ile koki. Na koki isipofunguka hutapona."

Singano aliangalia kitalu, akaangalia yale maji ya mapera. Alikuwa mtoto wa kufikiri, alichukua hilo kwa marehemu mama yake. Alifikiri mpaka Bi Mkunde akaanza kuogopa kwamba atasinzia.

"Bibi," alisema, "sasa utani bila kucheka si ni uongo?"

Nje ya kioo Daktari Atupele alisikia kupitia kipaza sauti, akaondoka pale alipokuwa amesimama, akaenda kusimama mahali pengine.

Bi Mkunde angeweza kumdanganya. Angeweza kumwambia huu ni mchezo mpya, na mtoto angeukubali, maana kwa bibi yake alikubali yote. Alishafungua mdomo. Kisha akaona atakuwa amemkosea mara mbili kwa siku moja, na hii ya pili hatapata nafasi ya kuiomba radhi.

"Ndiyo," alisema. "Ni uongo. Nakuomba useme uongo mara moja tu. Dhambi yake ni yangu, wewe huna. Nimeshamwambia Mola hivyo."

"Mara moja tu?"

"Mara moja."

"Halafu turudie wa kucheka?"

 Bi Mkunde alitikisa kichwa kwa namna ambayo mtoto angeweza kuielewa anavyotaka, akalitoa lile sikio lake mkononi mwa mtoto, kidole baada ya kidole, akasimama wima.

"Shahidi," alisema. "Nina la kukiri."

"Nakusikiliza, mama."

"Mimi Mkunde binti Shekimweri nakiri kwamba nilifunga ndoa na mtoto huyu." Maneno yalikuwa machungu ulimini kama shubiri, lakini yalitoka yakiwa yamenyooka. "Mahari nilipokea. Nilijua umri wake. Hakunilazimisha mtu."

"Umeelewa kwamba kuanzia dakika atakapothibitisha hutaongea na mtoto, hutamgusa, wala hutamkaribia mpaka awe mtu mzima?"

"Nimeelewa."

"Umeelewa kwamba ukimtamkia neno lolote baada ya hapo, litahesabiwa kuwa ni kumtisha, na tiba itasimamishwa hata kama imeanza?"

Hilo Afisa hakulisema. Bi Mkunde alimtazama kupitia kioo, na Afisa akatikisa kichwa kwa uchungu kwamba hata yeye hakulijua. "Nimeelewa," alisema tena.

"Singano," sauti iliita, na kwa mtoto ilikuwa laini zaidi. "Usiogope. Mama huyu ni nani kwako?"

Mtoto alimtazama bibi yake. Barakoa ilikuwa imemfunika yote isipokuwa macho, na Bi Mkunde aliyakaza yasiseme kitu. Wala hakupepesa. Ndani ya kifua moyo ulimdunda mpaka akaogopa Shahidi atausikia na huo.

Pembe ya mdomo wa Singano ilianza kupanda. Ilikuwa mazoea tu, maana neno lile na kicheko vilikuwa vimekaa pamoja miaka yote. Muuguzi alijiziba mdomo. Kisha ile pembe ikashuka, mtoto akameza mate yaliyompitia kwenye vidonda, akakunja uso.

"Ni mke wangu," alisema.

Hakucheka. Alisema kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa.

Koki ilitoa mlio mdogo. Maji ya mapera yakashuka kwenye mrija, yakafika pale mrija ulipopinda, yakapita, yakaingia kifuani mwa Singano, na Daktari Atupele akaingia haraka kushika mkono wa mtoto na kusoma mapigo yake. Nje, madirisha ya magharibi yalikuwa yamejaa mwanga wa jioni, lakini jua lilikuwa bado lipo.

"Asante, Singano," Shahidi alisema. "Mama, tafadhali ondoka."

Bi Mkunde aligeukia mlango. Afisa Rweyongeza alikuwa ameushikilia wazi, uso wake ameuelekeza sakafuni.

"Bibi!" Singano aliita. "Nimesema vizuri?"

Alisimama. Mgongo wake ulikuwa kwa mtoto, na mbele yake mlango. Mrija ulikuwa bado unashusha, kitalu kilikuwa bado nusu. Neno moja tu, ndiyo, hata mguno, na ile koki ingefunga.

"Bibi?" Sauti ilianza kutetemeka. Mtoto alikuwa ameshaiona siku hii ile hasira bila kujua inakotoka, na sasa alidhani imerudi. "Bibi, nimekosea? Umenikasirikia tena?"

"Tulia, baba, umesema vizuri sana," Daktari Atupele alimwambia, akimpapasa kichwa. Lakini mtoto hakuwa anamwuliza daktari.

Bi Mkunde alitoka bila kugeuka, na mlango ulipofungwa nyuma yake alikuwa bado anamsikia akiuliza.